Robo Duara

Nanyoosha ringi za watu, Barabara ya Kumi na Mbili, Ngamiani,
mwaka wa kumi na tisa huu.
Gurudumu likipiga nane
silipigi nyundo. Naipindua baiskeli juu chini,
nalizungusha, nasikiliza linapogusa,
kisha spoku hii nakaza robo, ile nalegeza robo.
Ukiwa na haraka utavunja.

Mwantumu alizaliwa na vidole vitatu mguu wa kulia.
Mkunga alihesabu, akahesabu tena,
akaufunika mguu kwa khanga kabla ya kunipa mtoto.
Chini ya goti watu wana mifupa miwili;
kwake mmoja, ule mwembamba wa nje, haukuja.
Uliobaki ukapinda kwa kubeba zamu ya mwenzake,
na unyayo ukageukia nje
kama mtu aliyeitwa kutoka barabarani.

Watu walileta majibu bila kuulizwa:
mama yake alimcheka kiwete stendi ya Kange,
mimi niliua nyoka mimba ikiwa ya miezi mitano.
(Nyoka nilimuua kweli. Alikuwa ndani ya boksi la tairi.)
Bi Mwanashani wa nyumba ya pili alishusha pumzi,
"Hujafa hujaumbika, baba,"
akaondoka na kikombe chetu.

Mwaka hadi mwaka nilimwongezea soli,
tairi kuukuu na gundi:
sentimita mbili, tatu, tano alipofika darasa la pili.
Viatu tulinunua jozi mbili,
namba ishirini na saba, namba ishirini na tisa,
na kila jozi ikaacha yatima.

Daktari Shemdoe wa Bombo hakutupa maneno makubwa.
Aliweka chuma mezani, nami nikacheka, Mungu anisamehe,
kwa kuwa nilikijua:
ringi tatu, na spoku zimevutwa ukingo hadi ukingo,
ila hizi zitapita katikati ya mguu wa mwanangu.
"Mfupa tunaukata, kisha tunauachanisha polepole,
milimita moja kwa siku.
Pengo atalijaza mwenyewe."
Akanipa spana namba kumi.
"Robo duara, mara nne. Utaweza?"
Miaka kumi na tisa, na mkono ukatetemeka siku ile.

Alfajiri robo. Adhuhuri robo. Alasiri robo. Isha robo.
Mama yake anasafisha matundu kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa.
Mwantumu anauma ncha ya mtandio,
anazihesabu nati kwa sauti,
anaitukana ya tatu, ile ngumu.
Usiku mmoja alisema, Baba, leo iruke.
Sikuiruka.
Baadaye nilikaa ngazini
nikiosha mikono isiyokuwa na grisi.

Wiki ya tano tundu moja likatoa usaha.
Sindano, homa, daktari akasema tusimame kwanza.
Siku hizo spana ilikaa mfukoni mwangu kama deni.

Wiki ya nane, picha.
Daktari aliinyanyua dirishani.
Kati ya mfupa na mfupa, pale palipokuwa patupu,
utando. Mweupe kidogo tu,
kama tui la pili likichuruzika kifumbuni.
"Litakuwa zito," alisema. "Lipe miezi."
Nilisimama pale hadi wa nyuma yangu wakaguna.
Hujafa hujaumbika.
Nilidhani ni neno la kusikitikia watu.
Kumbe linaweza kuonekana, kwa macho, saa nne asubuhi,
kwenye kioo cha dirisha chenye vumbi.

Vidole bado vitatu. Hakuna aliyeahidi vinginevyo.
Kifundo bado kigumu, na akikua, huenda chuma kikarudi.
Lakini jana alasiri alininyooshea mkono:
"Lete spana. Wewe mkono wako mzito."
Akaitia kwenye nati ya tatu,
akazuia pumzi, akageuza,
kisha akainama, sikio karibu na ringi,
akasikiliza.